Chakula cha Kuuzwa Kutoka Jikoni mwa Nyumbani

Msomaji, huenda wali unaoletewa ofisini kila adhuhuri umepikiwa katika nyumba ambayo hujawahi kuiona. Mama fulani mtaani ameamka alfajiri, akapika sufuria nzima, akapakua na kusambaza. Ni kazi ya halali, nayo hulipa karo za watoto wengi. Je, sheria yasemaje?

Hapa Kenya, Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali (Sura ya 254) inamkataza mtu yeyote, si mwenye mkahawa pekee, kuuza chakula kilichooza, chenye sumu au kilichotayarishwa katika uchafu. Apikaye chakula cha kuuza hutakiwa pia kupimwa afya, na cheti chake hufanywa upya kila baada ya miezi 6. Sababu ni kuwa mtu aweza kubeba viini vya homa ya matumbo bila kuugua. Mary Mallon, aliyekuwa mpishi wa majumbani huko New York, aligunduliwa mwaka 1907 kuwa amewaambukiza wengi, ilhali mwenyewe alikuwa mzima.

Hata hivyo, cheti hakionyeshi jinsi chakula kinavyohifadhiwa, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Chukua mfano wa wali. Bakteria aitwaye Bacillus cereus ana mbegu ngumu zisizouawa na maji yanayochemka. Wali ukiachwa ukiwa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu hizo huamka, bakteria wakazaana na kutoa sumu ambayo haiharibiki hata ukiupasha moto tena. Kwa hiyo wali wa jana, japo unafuka mvuke, waweza kukutapisha kabla ya saa 6 kupita. Chakula kiwe moto zaidi ya nyuzi 60, au baridi chini ya nyuzi 5.

Kuwafukuza wapishi hawa hakufai, kwa maoni yangu. Watauza kwa kujificha. Heri maafisa wa afya wa kaunti wawatembelee na kuwafunza. Nawe usione haya kuomba cheti, wala kuuliza chakula kilipikwa saa ngapi. Chapati kavu haitishi sana. Chunga wali, nyama, maziwa na kachumbari.

Ukiharisha damu, au ukitapika bila kukoma, nenda hospitalini mara moja. Mweleze daktari ulichokula na saa uliyokila, na usitupe mabaki.