Shule Ikifungwa Ghafla: Mwongozo wa Masomo ya Mbali kwa Shule za Kutwa

Mwongozo huu unawahusu walimu wakuu, walimu wa madarasa na wanabodi wa shule za kutwa za umma nchini Kenya. Machi 15, 2020, serikali ilitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya korona. Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirejea Oktoba 12, na waliosalia wakangoja hadi Januari 4, 2021. Mwaka 2024, mafuriko yaliahirisha ufunguzi wa muhula wa pili kutoka Aprili 29 hadi Mei 13. Mpango unaoanza kuandikwa baada ya tangazo kutolewa huwa umechelewa.

Mpango wa shule uandaliwe kwa kumfikiria mwanafunzi ambaye kwao kuna simu moja tu, tena kabambe. Wa kompyuta na Wi-Fi atajipatia nafasi katika mpango huo bila taabu. Kinyume chake hakiwezekani. Agosti 2020, UNICEF ilikadiria kuwa watoto wasiopungua milioni 463 duniani hawakuweza kufikiwa na masomo ya mbali ya aina yoyote. Baadhi yao walikuwa kwenye rejista zetu.

Simu iko wapi, na saa ngapi?

Kila mwalimu wa darasa aandike, wiki ya kwanza ya muhula, nyumba ya kila mwanafunzi ina nini: simu ni ya nani, ni ya aina gani, kuna redio, kuna umeme, nani anayeweza kumsomea mtoto maelezo. Swali linalosahaulika ni la saa. Simu ya mama mboga huondoka naye alfajiri kwenda sokoni na kurudi jioni. Shule inayotuma somo saa mbili asubuhi imelituma sokoni, na likifika nyumbani tayari limefunikwa na jumbe nyingine mia. Kwa familia za namna hii somo litumwe kuanzia saa moja jioni, na jibu litarajiwe kesho yake, si usiku huohuo. Mwalimu asimhesabu mtoto kuwa mtoro kwa sababu hakujibu mchana.

Tahadhari moja: nambari za wazazi na hali za nyumba zao ni data binafsi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Orodha hiyo ibaki kwa mwalimu wa darasa na ofisi ya mwalimu mkuu. Isitupwe kwenye kundi la WhatsApp.

Njia ya kufikisha somo

Kitabu kwanza. Shule inapofungwa, vitabu vya kiada hubaki stoo vikiwa vimepangwa vizuri huku wanafunzi wakihangaikia bando. Kila mwanafunzi aende navyo nyumbani na aweke sahihi. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa mtoto kina faida kuliko kipya kilichofungiwa. Kitabu kikiwapo, SMS ya kawaida inatosha kumwambia asome ukurasa gani na afanye zoezi lipi, na hapo kabambe inafanya kazi sawa na simujanja.

Kwa wenye WhatsApp, mwalimu atume sauti ya dakika tano na picha ya ubao au ya ukurasa. Sauti ya urefu huo kwa kawaida haifikishi megabaiti 2, ilhali kipindi cha saa moja kwenye Zoom hula megabaiti kwa mamia. Zoom itumike kwa watahiniwa pekee, na kwa mada iliyowashinda. Kuiendesha kila siku kwa darasa zima la shule ya umma ni maonyesho tu.

Redio ni msaada mkubwa. Wakati wa korona, Taasisi ya Kukuza Mitaala Nchini (KICD) ilipeperusha vipindi kupitia idhaa za KBC, Radio Taifa ikiwemo. Upungufu wa redio ni kwamba haiulizi swali na kusubiri jibu, kwa hiyo kazi hiyo ni ya mwalimu: ajulishe wazazi saa ya kipindi mapema, kisha atume maswali mawili baada yake.

Wasio na chochote wapelekewe karatasi za mazoezi mahali wazazi wanapopita kwa kawaida: dukani, kwenye kinu cha kusaga unga, kanisani au msikitini. Zikusanywe mara moja kwa wiki na zirudi zimesahihishwa. Mtoto akiona kalamu nyekundu haijagusa kazi yake mara mbili mfululizo, hataandika ya tatu.

Mwalimu na mwanafunzi

Bodi itenge fedha za muda wa maongezi na bando kwa walimu; mwalimu asijigharamie mfukoni kazi ya shule. Mzazi akibipu, shule ndiyo impigie. Muda wa mwalimu kupatikana utangazwe, na nje ya muda huo asilaumiwe kwa kuzima simu.

Mawasiliano na mwanafunzi yapitie simu ya mzazi au kundi lenye mwalimu wa pili. Mazungumzo ya faragha kati ya mwalimu na mtoto, hasa usiku, yakatazwe waziwazi. Mwanafunzi asiyesikika kwa wiki mbili atafutwe kwao kupitia mwakilishi wa wazazi au mzee wa mtaa, kwa sababu ukimya huo huenda ukawa ni wa ajira, mimba au njaa.

Shule zikifunguliwa

Wiki ya kwanza isiwe ya mada mpya. Kila darasa lifanye jaribio fupi lisilo na nafasi wala tuzo, lengo likiwa kujua nani alifikiwa na nini. Somo lililotumwa kwa simu lihesabiwe kuwa limetumwa tu. Lisiingizwe kwenye rekodi ya kazi kama lililofundishwa mpaka jaribio hilo lithibitishe. Bodi ambazo hazijapitisha bajeti ya bando na karatasi zinaombwa kuliweka suala hili kwenye ajenda ya kikao kijacho.