Dondoo Muhimu: Kuanza na GIMP 3.0

GIMP 3.0, programu ya bure ya kuhariri picha, ilitoka Machi 2025, takriban miaka 7 baada ya toleo la 2.10. Mwenye studio asikurupuke kuhamia: programu-jalizi nyingi za zamani hazifanyi kazi humo. Akague kwanza zile anazozitegemea, na faili zake za XCF (muundo wa GIMP wenyewe) aziwekee nakala pembeni.

Utamu wenyewe uko kwenye vichujio. Zamani picha ikishang'arishwa, ndiyo basi. Kurekebisha kulimaanisha kurudi nyuma hatua kwa hatua. Sasa kichujio hubaki juu ya tabaka. Mhariri akibofya alama ya “fx” kwenye orodha ya tabaka, anaweza kukipunguza au kukizima hata kazi ikishahifadhiwa kwa XCF. Kwa picha ya bibi harusi mwenye shela jeupe, ambalo mng'ao ukizidi kidogo tu hupoteza nakshi zote, hilo ni jambo kubwa.

Kuhusu kuchapa: picha ya inchi 4 kwa 6, kwa nukta 300 kwa kila inchi, huhitaji pikseli 1200 kwa 1800. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa kawaida huwa imebanwa, hivyo mteja aombwe faili halisi.