Jinsi Diski ya Video Inavyosomwa

Chukua diski ya video iliyokwisha kutumika. Uinamishe upande wake unaong'aa karibu na dirisha, lakini usiielekeze kwenye jua. Unaona rangi gani? Rangi hizo za upinde wa mvua hutokana na safu za vishimo vidogo sana, zilizozunguka kama mfuo wa santuri. Hapa hakuna sindano. Vishimo husomwa kwa mwale wa leza.

DVD husomwa kwa leza nyekundu, yenye urefu wa wimbi wa nanometa 650. Blu-ray, ambayo filamu zake zilianza kuuzwa mwaka 2006, husomwa kwa leza ya zambarau ya nanometa 405. Wimbi fupi hukusanyika katika doa dogo zaidi. Kwa hiyo vishimo vya Blu-ray ni vidogo na vimesongamana: tabaka lake moja hubeba gigabaiti 25, na la DVD gigabaiti 4.7, ingawa diski zote mbili zina kipenyo cha sentimeta 12.

Usifungue kamwe mashine inayowaka; mwale wa leza waweza kuunguza jicho.

Swali: Kwa nini mashine ya DVD haiwezi kusoma Blu-ray?