Kupakia na Kukokota Tela la Trekta kwa Usalama

Msimu wa mavuno unapowadia, matela ya trekta huonekana kila siku katika barabara za Ufipa yakitoa mahindi mashambani na kuyapeleka ghalani na sokoni. Ujuzi wa kazi hiyo aghalabu hupatikana kwa kutazama wenzako tu, na hivyo makosa hurithiwa pamoja nao.

Hesabu ya kwanza ni ya uzito. Gunia lisilozidi kilo 100, kama sheria ya vipimo inavyotaka, humwezesha dereva kujua kwamba magunia 30 ni tani 3. Lumbesa huivuruga hesabu hiyo: anayehesabu magunia hajui tena anakokota nini, wala kama tela na trekta yake vinauhimili mzigo.

Tela la magurudumu mawili hufanya kazi kama mizani, na ekseli ndiyo kitovu chake. Magunia yakirundikwa nyuma ya ekseli, mkono wa tela huinuka na kuinyanyua trekta kwa nyuma. Hapo matairi makubwa hupoteza mshiko, na breki pia, kwa kuwa trekta nyingi hufunga breki kwa magurudumu ya nyuma pekee. Yakisogezwa mno mbele, magurudumu ya mbele ya trekta hupaa mlimani na usukani haufai kitu. Mzigo basi uenee juu ya ekseli, uzito ukizidi kidogo upande wa mbele. Kupakua nako kuanzie nyuma. Jambo hili husahaulika mno, na tela lililopunguzwa mbele kwanza huweza kupinduka likiwa limesimama.

Tela lifungwe kwenye chuma cha kukokotea kilicho chini, nyuma ya trekta. Likifungwa juu zaidi, trekta huweza kusimama wima na kumwangukia dereva. Pini iwe na kizuizi chake. Kipande cha nondo si pini.

Hatari kubwa zaidi iko Lyamba lya Mfipa. Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa takriban mita 800. Atokaye Ntendo kwenda Muze hushusha mzigo wake sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Tela lisilo na breki huisukuma trekta, na kwenye kona huweza kuipindisha kando na kuiangusha. Gia ndogo iingizwe kabla ya kuanza kushuka, ile ile ambayo ingehitajika kuupanda mlima huo. Klachi isikanyagwe njiani, wala gari lisiachiwe frii kwa kuokoa mafuta. Pedali mbili za breki zifungwe pamoja, ili gurudumu moja lisishike peke yake. Mzigo uwe mdogo kuliko ule wa tambarare.

Juu ya magunia asikae mtu, hata mwenye mali. Kwenye lami ya Tunduma, ambako malori huja kwa kasi, taa za nyuma na viakisi mwanga ni lazima giza linapoingia.

Magunia hushindiliana baada ya mwendo mfupi, kamba zikalegea. Kwa hiyo dereva asimame mahali tambarare kabla ya mteremko, akaze kamba upya, atazame pini na kupima matairi.