PASAKA YA MANASARA: MAANA YAKE, ASILI YAKE, NA KUFUNGAMANA KWAKE NA MWEZI

 

Kila mwaka, baina ya mwisho wa Machi na mwisho wa Aprili, huja Ijumaa moja ambayo makanisa ya Magu hayapigi kengele ya furaha, kisha huja Jumapili yake ambayo kengele na ngoma husikika tangu alfajiri. Muislamu wa Magu huyaona hayo kwa macho yake, kwani nyumba yake haiko mbali na nyumba ya Mkristo, na mara nyingi ni nyumba moja: mjomba ni mtu wa msikitini na mpwa ni mtu wa kanisani, na mama yao wote ni mmoja. Walakini akiulizwa maana ya siku hizo, aghlabu hujibu moja katika mawili: ama husema kuwa ni siku za kula na kuvaa, ama husema kuwa ni mila ya mizimu ya Kizungu. Jawabu zote mbili si sawa. Na mwenye kuisema dini ya jirani yake kwa jambo asilolijua hudhani anaitetea dini yake, kumbe anampa jirani sababu ya kuidharau.

Jina na asili

Neno Pasaka halikutoka Ulaya. Asili yake ni neno la Kiebrania, pesach, nalo lafungamana na khabari ya Nabii Musa (alayhi ssalaam) na Firauni. Yasimuliwa katika Taurati kwamba usiku wa kutoka Misri Wana wa Israili waliamrishwa wachinje mwanakondoo na kutia damu yake katika miimo ya milango, ili adhabu iliyowashukia Wamisri ipite nyumba zao isiziguse. Huko kupita ndiko kulikoipa siku hiyo jina lake. Mayahudi hata leo hula mkate usiotiwa chachu kwa siku hizo, kwa kukumbuka kwamba wazee wao walitoka kwa haraka, unga haujaumuka. Waislamu nao hawakusahau kuokoka kwa Musa. Ndiko kunakokumbukwa katika saumu ya Ashura.

Manasara walilichukua jina la siku hiyo na wakaligeuza maana. Kwa itikadi yao, Isa bin Maryamu alikamatwa na kusulubiwa katika siku za Pasaka ya Mayahudi huko Yerusalemu, na siku ya tatu akafufuka. Basi yule mwanakondoo wa Misri wakamfanya kuwa mfano, na Paulo katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho alimwita Masihi kuwa ndiye pasaka yao. Hili ndilo jina kuu la siku hizi, na asiyelijua hili hajajua kitu katika Pasaka: kwa Mkristo si siku ya kula, bali ni nguzo ya imani yake yote.

Na hapa ndipo njia zinapoachana. Qurani, katika Sura ya Nisaa, aya ya 157 na 158, imekanusha kuuawa na kusulubiwa kwa Nabii Isa, na imeeleza kwamba Mwenyezi Mungu alimwinua kwake. Hapana haja ya kuificha khitilafu hii wala ya kuipigia kelele njiani. Mkristo anayejua dini yake aijua kuwa ipo, na Muislamu anayejua dini yake haongezi kitu kwa kumtukana mtu aliyefiwa na Ijumaa yake.

Siku zenyewe zafuatana hivi. Hutangulia Jumatano ya Majivu, ambapo Wakatoliki hupakwa majivu katika paji la uso, nayo ni majivu ya matawi yaliyobarikiwa mwaka uliopita. Ndipo huanza Kwaresima, neno lenye asili ya Kilatini, maana yake "ya arubaini". Mwenye kuhesabu tangu Jumatano hiyo hata Jumamosi ya mwisho atapata siku 46, akashangaa. Lakini Jumapili 6 hazihesabiwi kuwa ni za saumu, zikabaki 40. Kisha huja Jumapili ya Matawi, Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu, na Pasaka yenyewe. Siku ya 40 kwa kuihesabu Pasaka ni Kupaa, na ya 50 ni Pentekoste, ambayo nayo asili yake ni sikukuu ya Mayahudi. Wala si Wakristo wote wanaoshika mambo haya. Wasabato, ambao ni wengi kandokando ya Ziwa, hawaihesabu Pasaka kuwa ni faradhi ya mwaka, na hoja yao ni kwamba katika Injili hapana amri ya kuifanya.

Ama lile neno la Kiingereza, Easter, ndilo lililowafanya watu waseme kwamba Pasaka ni siku ya mungu wa kike. Mtawa mmoja wa Uingereza, jina lake Bede, aliandika katika mwaka 725 kwamba Waingereza wa kale walikuwa na mwezi uitwao kwa jina la mungu wao wa kike, Eostre, na jina la mwezi likaishikilia sikukuu ya Kikristo iliyoangukia ndani yake. Hiyo ni khabari ya jina kwa Waingereza na Wajerumani tu. Wafaransa, Wahispania, Wagiriki na Waswahili wote watumia neno la Kiebrania, na Waarabu wa Kikristo huiita Idi ya Fis-h, nalo ni neno lile lile. Na kama jina lingetosha kuhukumu, wangelaumiwa wote wanaotaja majina ya siku za Kizungu, maana Thursday ni siku ya mungu Thor. Mayai yanayopakwa rangi yana sababu nyepesi zaidi: zamani Wakristo wa Ulaya hawakuyala katika Kwaresima, na kuku hakuacha kutaga, basi Pasaka ilipofika yalikuwa mengi.

Hisabu ya mwezi

Jambo linaloshangaza zaidi katika Pasaka ni kuhama kwake. Krismasi haihami, na Pasaka huweza kuangukia siku yoyote baina ya 22 Machi na 25 Aprili. Sababu ni mwezi. Pasaka ya Mayahudi ni siku ya 14 ya mwezi wao wa Nisani ikishuka jua, yaani mwezi ukiwa mpevu, katika zile siku nyeupe ambazo Waislamu hufunga kwa sunna. Manasara wa kwanza wakakhitilafiana. Watu wa Asia Ndogo walisema siku ni ile ile ya 14, iwe Jumatatu au Alhamisi. Watu wa Rumi walisema haiwi ila Jumapili. Kiasi cha mwaka 155 mzee Polycarp wa Smirna alisafiri hata Rumi kuzungumza na askofu Anicetus juu ya jambo hili. Hawakukubaliana, wakaagana kwa wema. Kiasi cha mwaka 190 askofu Victor wa Rumi alitaka kuwatenga wenzake kwa sababu hiyo hiyo, akalaumiwa na wenziwe kwa ukali wake. Mwenye kuwacheka na akumbuke jinsi Waislamu wa mji mmoja wanavyofuturu siku mbili kwa khabari ya mwandamo.

Mwaka 325, katika baraza la Nikea, iliamuliwa kwamba wote waifanye Jumapili moja. Kanuni iliyokaa ni hii: Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa kwanza unaotimia tarehe 21 Machi au baada yake. Walakini mwezi huo ni wa vitabu, hupatikana kwa hisabu ya mzunguko wa miaka 19, wala hautazamwi mbinguni. Na kwa kuwa makanisa ya Mashariki hushika kalenda ya zamani, iliyorekebishwa huko Magharibi mwaka 1582, Pasaka zao mara nyingi huachana: mwaka 2024 ya Magharibi ilikuwa 31 Machi na ya Mashariki 5 Mei, na mwaka 2025 zikakutana tarehe 20 Aprili.

Tarehe 21 Machi huko kaskazini ni mwisho wa baridi, miti inachipua, na mchana unalingana na usiku. Magu haina khabari hiyo. Ipo karibu na mstari wa ikweta, mchana na usiku wake hulingana karibu mwaka mzima, na Pasaka huikuta katika mvua, njia zina matope na mahindi yako shambani. Kwa hiyo mahubiri ya kuchipua kwa miti hayamwingii mkulima wa Usukuma. Mwezi lakini ni mmoja. Wavuvi wa dagaa wa Ghuba ya Speke huvua kwa taa katika usiku wa giza, na mwezi unapong'aa huvuta mitumbwi pwani wakapumzika, maana dagaa hawaifuati taa ipasavyo. Basi mvuvi wa Magu, awe Muislamu au Mkristo, akiwa na taa zake zimezimwa mwishoni mwa Machi au katika Aprili, yuko karibu na Pasaka hata kama hana kalenda. Na usiku wa Ijumaa Kuu daima mwezi huwa mpevu au karibu yake, au umeanza kupungua.

Mayahudi huongeza mwezi mmoja katika kila miaka miwili au mitatu, ili Nisani isitoke katika majira yake. Waislamu wamekatazwa jambo hilo katika Sura ya Tauba, na kwa sababu hiyo Ramadhani hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, ikazunguka majira yote katika miaka 32 au 33. Ndivyo ilivyotokea kwamba miaka mitatu mfululizo, 2022, 2023 na 2024, Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani, na mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ni 18 Februari, wiki ile ile ya mwandamo wa Ramadhani ya 1447.

Sahani ya Pasaka

Katika miaka hiyo sahani ya jirani ilifika mlangoni mchana, ikafunikwa hata magharibi. Hukumu yake yataka uangalifu. Sura ya Maida, aya ya 5, imehalalisha chakula cha Watu wa Kitabu. Wali, mkate, samaki na matunda havina khitilafu yoyote, maadamu havikuchanganywa na haramu. Ama nyama, wanavyuoni wa Kishafii, ambao ndio wanaofuatwa na Waislamu wengi wa Tanzania, wameweka sharti juu ya mchinjaji ambaye si Mwisraili, kwamba wazee wake wawe waliingia katika Ukristo kabla haujafutwa. Na mwenye kulishika sharti hili haili nyama iliyochinjwa na Mkristo wa Usukuma. Wengine hawakuliweka. Basi mwenye kula ana sheikh wake, na mwenye kuacha ana wake. Asiyekuwa na sheikh ni yule anayeirudisha sahani kwa matusi.

Si jambo dogo. Katika miaka ya 2012 na 2013 ugomvi wa nani achinje uliingia Mwanza na Geita, na mwezi wa Februari 2013 huko Buseresere mchungaji mmoja aliuawa. Mizizi ya ugomvi huo ilikuwa mingi, lakini mmoja wao ulikuwa huu, watu wa kila upande kuambiana yasiyokuwamo katika vitabu vyao.

Bulabo

Dini hizi mbili ziliingia Magu kwa mlango mmoja. Kageye, katika pwani ya Ghuba ya Speke, palikuwa kituo cha wafanya biashara wa Kiarabu na Waswahili. Hapo Stanley alishusha mashua yake mwaka 1875, na hapo walifika mapadri wa White Fathers mwisho wa 1878. Mapadri walikuja na kalenda yao, na ile sehemu yake iliyoota mizizi zaidi katika Usukuma si Pasaka yenyewe, bali ni mjukuu wake.

Mwaka 1264 Papa Urban IV aliamuru sikukuu ya Mwili wa Kristo, siku ya 60 baada ya Pasaka, nayo hufanywa kwa maandamano na maua. Wasukuma wakaiita Bulabo, yaani maua. Kwa kuwa huangukia karibu na Juni, wakati wa mavuno, ikakutana na ngoma za mashindano za Bagika na Bagalu, ambazo ni za kale kuliko kanisa. Huko Bujora, karibu na Kisesa, ambako Padri David Clement wa Kanada alifanya kazi tangu miaka ya 1950 na ambako lipo kanisa lenye alama za utemi wa Kisukuma, Bulabo hukusanya maelfu, na miongoni mwao ni Waislamu wasiojua kwamba siku ile imefungwa kwa kamba ndefu na usiku wa Musa katika Misri.

Mambo kama haya si mapya. Huko Misri watu wa dini zote hutoka mashambani siku ya Shamu Nasimi, Jumatatu ya pili yake Pasaka ya Wakopti. Na Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliwalaumu Waislamu wa Sham waliopaka mayai rangi katika Alhamisi ya Manasara. Lawama yake ilikuwa juu ya kuiga ibada. Kwa hiyo mwenye kwenda Bujora na atenganishe. Maandamano ya Ekaristi ni ibada ya wenyewe, na Muislamu hana nafasi ndani yake. Ngoma ya jembe na mavuno ni ada, na ada hupimwa kwa yaliyomo. Na katika ngoma hizo lililo zito zaidi kwa Muislamu halikutoka kanisani kabisa: ni zile dawa za waganga ambazo Bagika na Bagalu wamezitegemea tangu zamani kuvuta watazamaji upande wao. Mapadri nao wamezihubiria zamani sana, na dawa zingali zikichimbwa kabla ya kila mashindano.