Sebuleni au Kayumba: ya kujua kabla hujamtoa mtoto shuleni

Ukikaa na wazazi wa mjini wenye watoto wadogo, hawachelewi kufika kwenye mada hii: mmoja wao anafikiria kumfundisha mwanawe nyumbani. Sababu anazo. Darasa limefurika, fimbo zinatembea, mtoto yuko la tatu na bado anasoma kwa kubahatisha. English medium nayo ada yake inashindana na kodi ya nyumba. Kisha ameona kwenye simu video za familia za Marekani, mama anafundisha, watoto wanne wametulia mezani, naye akajiuliza kwa nini asijaribu.

Mimi watoto wangu wanasoma shule ya msingi ya umma, zile ambazo kwa utani tunaziita Mtakatifu Kayumba. Nitaje mapema upande niliopo ili unisome ukiujua: kwa familia nyingi za Tanzania, kumtoa mtoto shuleni ni kumtwisha mama yake kazi ya walimu saba bila mshahara. Hata hivyo wapo wazazi ambao nyumbani ndiko kunakowafaa watoto wao, kwa muda au kwa miaka, na hao hawapati maelezo yaliyonyooka. Wanapata ama vitisho ama ushabiki.

Tuanze na sheria, kwa sababu wengi huikumbuka mwishoni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, Sura ya 353, inataka mtoto aliyefikisha miaka saba aandikishwe elimu ya msingi, ahudhurie bila utoro mpaka amalize, na jukumu la kuhakikisha hayo yote ni la mzazi au mlezi. Ukiisoma ukijua ilitungwa lini, utaielewa vizuri zaidi. Azimio la Musoma la 1974 lilikuwa limeagiza kila mtoto wa rika la shule ya msingi awe darasani ifikapo Novemba 1977. Mtunga sheria wa mwaka uliofuata alikuwa akimfikiria baba anayemwachisha mtoto masomo akachunge ng'ombe au akaolewe. Hakumfikiria mhasibu wa Tabata anayefundisha sehemu na desimali sebuleni kwake.

Kwa hiyo sheria yetu haikuweka utaratibu wa elimu ya nyumbani: hakuna fomu ya kuomba wala mkaguzi wa kuja kupima. Mtendaji wa kata akikuta mtoto wa miaka tisa yuko nyumbani saa nne asubuhi, kwa macho ya sheria huyo ni mtoro, hata kama ameshika kitabu. Wenzetu wana sura tofauti. Marekani elimu ya nyumbani ni halali katika majimbo yote 50 tangu 1993. Afrika Kusini mzazi anaomba usajili chini ya sheria ya shule ya 1996. Ujerumani wamekataa. Kenya, sheria ya elimu ya msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shuleni, na wapo waliofikishwa mahakamani kwa kuwafundisha watoto wao nyumbani. Zanzibar, kwa kuwa elimu ya msingi si jambo la Muungano, ina sheria yake, hivyo msomaji wa Unguja au Pemba aulizie huko huko.

Maana yake kwa mzazi wa Bara ni hii: usimtoe mtoto kimyakimya. Nenda kwa mwalimu mkuu, kisha kwa afisa elimu kata, ueleze sababu kwa maandishi na ubaki na nakala. Kama sababu ni ugonjwa au ulemavu, ambatisha barua ya daktari. Barua hiyo haikupi kibali ambacho sheria haina, ila inakutofautisha na mzazi aliyemficha mtoto.

Jambo la pili ni mitihani, na hapa ndipo mipango mingi ya sebuleni hukwama. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi ana namba ya PREM, inayotolewa kupitia mfumo wa Baraza la Mitihani. Namba hiyo ndiyo inayomfuata anapohama shule na anaposajiliwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Huipati ukiwa nyumbani, inapitia shule iliyosajiliwa. Anayefundishwa nyumbani anapitwa pia na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Mzazi anayesema "nitamrudisha akifika la saba" anampeleka mtoto kwenye mlango ambao wenzake wameshaandikishwa majina.

Njia za kutokea zipo, ila ni nyembamba. Mtoto aliyekosa shule na sasa ana miaka kati ya 11 na 18 anaweza kuingia MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa, ambao madarasa yake huwa kwenye shule za kawaida. Kwa sekondari kuna Mtihani wa Maarifa, ule ambao mtaani wote wanauita QT. Aliyesoma nje ya mfumo anaufanya kwanza, akifaulu ndipo anafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina vituo vinavyowaandaa watu wa njia hiyo, na huko utakuta mama wa miaka arobaini amekaa dawati moja na kijana wa kumi na saba. Ni njia ya heshima. Lakini ilijengwa kwa ajili ya waliokosa, na kumpeleka huko mtoto mwenye nafasi shuleni ni uamuzi wa kufikiria mara mbili.

Wenye uwezo huchukua mtaala wa kigeni, mara nyingi wa Cambridge, na mtoto akafanyia mitihani kwenye kituo kilichoidhinishwa. Hilo linawezekana. Kumbuka tu kwamba cheti cha nje kitahitaji kulinganishwa na Baraza la Mitihani ili kitambulike kwenye mfumo wetu, na kwamba ada za mitihani hiyo hulipwa kwa kila somo. Kumbuka pia kuwa elimu yenyewe inahama. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unafupisha shule ya msingi kuwa miaka sita, na mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya litamaliza pamoja na darasa la saba la ule wa zamani. Anayefundishia vitabu vya kaka yake aliyemaliza zamani atajikuta anafundisha mihtasari iliyokwisha kazi. Kwa bahati nzuri Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na inafaa hata kwa mtoto aliyeko shuleni ambaye anagombania kitabu kimoja na wenzake watano.

Sasa gharama. Watu hupiga hesabu ya vitabu na intaneti, wakasahau kubwa kuliko zote, yaani kipato cha mzazi atakayebaki nyumbani. Huwezi kufundisha kuandika imla huku unauza vitenge Kariakoo. Kila mtu alijifunza hili mwaka 2020, shule zilipofungwa tarehe 17 Machi na watoto wa msingi wakarudi tarehe 29 Juni. Vipindi vilirushwa redioni na kwenye televisheni, lakini nyumba yenye simu moja inayotoka asubuhi na baba ilibaki na nini? Ilibaki na dada wa kazi, ambaye mara nyingi mwenyewe aliishia la saba. Marekani, familia hizo za kwenye video zina maktaba ya umma karibu, soko la vitabu vilivyotumika, na sehemu nyingine mtoto wa nyumbani anaruhusiwa kucheza timu ya shule ya jirani. Sisi tuna Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi, nzuri, lakini mtoto wa Chanika akienda na kurudi siku imeisha.

Kwa hiyo wengi wanaosema wanafundisha nyumbani, kwa kweli wamemwajiri mwalimu wa twisheni wa kutwa. Hiyo ni shule binafsi yenye mwanafunzi mmoja, na mkaguzi wake ni wewe. Taka kuona vyeti vyake, mpigie mwajiri aliyepita, somo lifanyike sebuleni mlango ukiwa wazi na mtu mzima mwingine akiwapo nyumbani, na usimfundishe mtoto kwamba mwalimu habishiwi. Ukiwakusanya na watoto wa majirani, kila siku, kwa malipo, umeanza kuendesha shule, na shule isiyosajiliwa ni kosa. Vituo vya namna hiyo hufungwa, na watoto hubaki bila rekodi.

Nirudi kwa Kayumba yangu, kwa sababu malalamiko ya wazazi yana ukweli ambao si haki kuupaka rangi. Sera inataka darasa la msingi liwe na watoto 45. Chukua darasa la watoto tisini na kipindi cha dakika thelathini: mwalimu akiwagawia muda sawa, kila mmoja anapata sekunde ishirini. Hakuna mwalimu, hata awe malaika, anayemfundisha mtu kusoma kwa sekunde ishirini. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, walioingia walikuwa wengi kuliko madarasa, na hilo halikuwa kosa la mtoto aliyeingia. Mwanya huo wa darasani ndio mzazi anaoweza kuuziba jioni bila kuivunja shule.

Pima kwanza. Usingoje ripoti ya muhula, maana nafasi ya kumi na mbili kati ya watoto tisini haikuambii kama mtoto anasoma. Upimaji wa Uwezo, unaofanywa nyumba kwa nyumba kwa kiwango cha darasa la pili, una ngazi ambazo mzazi yeyote anayejua kusoma anaweza kuziiga: silabi, maneno, aya, halafu hadithi fupi yenye maswali mawili. Andika mwenyewe kwenye karatasi, usitumie kitabu cha shule, kwa kuwa watoto wengi hukariri kurasa na wakakusomea huku wanatazama dirishani. Kwenye hesabu, mwulize ipi kubwa kati ya 47 na 74, kisha kujumlisha, kutoa na kuzidisha. Mtoto wa darasa la tatu anayekwama kwenye aya hahitaji kuhamishwa shule wiki ijayo. Anahitaji dakika ishirini kila jioni, kwa sauti, na mtu anayemsikiliza. Bibi anaweza. Kaka wa sekondari anaweza, ukimpunguzia kuosha vyombo.

Kuhusu fimbo, wazazi wengi hawajui kuwa kuna kanuni, na baadhi ya walimu nao hujifanya hawajui. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinasema visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kwa kosa kubwa la nidhamu tu, na viandikwe kwenye daftari maalumu. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa pale ambapo shule haina. Kuchapwa darasa zima kwa kufeli zoezi hakumo. Binafsi ningefurahi kanuni hizo zifutwe na fimbo iondoke kabisa, lakini hata zilivyo zinakupa pa kusimamia. Nenda ukaombe kuona daftari. Mara nyingi ombi hilo peke yake hubadilisha hali ya hewa ofisini.

Fedha nazo zina utaratibu. Serikali imeweka ruzuku ya Sh 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Unaona mwenyewe kwa nini chaki zinaisha na kwa nini michango haiishi. Mchango ni wa hiari, na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi hajachanga. Lakini anayetaka uji wa saa nne uwepo asisubiri kuambiwa. Aende kikao cha kamati ya shule. Vikao hivyo huwa na watu wachache na chai ya rangi, na ndimo inamoamuliwa kama mtoto wako atashinda njaa.

Kuna watoto ambao, pamoja na hayo yote, ningewaweka nyumbani. Mwenye ugonjwa unaohitaji kliniki za mara kwa mara. Mwenye usonji aliye katika darasa la makelele ambamo hakuna aliyefunzwa kumhudumia, wakati mzazi anatafuta shule yenye kitengo cha elimu maalumu. Anayeonewa au kunyanyaswa ilhali shule imegoma kusikia: huyo mtoe leo, ripoti dawati la jinsia na watoto polisi, masuala ya mtaala yatafuata. Katika hali zote hizo, omba uhamisho badala ya kumfuta. Mtoto mwenye namba yake ya PREM na barua ya uhamisho anapokelewa kwingine kwa urahisi. Aliyepotea tu kwenye daftari la mahudhurio huanza upya kwa maelezo marefu.

Na kwa mwenye mtoto wa kuanza Januari, uandikishaji wa awali na darasa la kwanza hufanyika kati ya Oktoba na Desemba. Beba cheti cha kuzaliwa. Kama bado hakijatoka RITA, nenda hivyo hivyo na umweleze mwalimu, kwa kuwa kukosa cheti hakumnyimi mtoto darasa. Kuandikisha ni bure. Ukidaiwa fedha mlangoni, omba stakabadhi, kisha ipeleke kwa afisa elimu kata.