PASCAL: LUGA YA ZAMANI, KOMPILATERI YA BURE

Wandugu wanafunzi, mutu anaweza kuuliza: juu ya nini tujifunze luga ya ordinateri iliyotoka mwaka wa 1970? Tujibu pole pole.

1. Pascal ni nini?

Ni luga ya kuandikia programu. Niklaus Wirth, profesa wa Uswisi, aliifanyiza kule Zürich kwa ajili ya kufundishia. Aliipa jina la Blaise Pascal, yule Mufaransa, mwamini na mujuzi wa hesabu, aliyeanza kutengeneza mashine ya kujumlisha mwaka wa 1642.

2. Kompilateri inafanya kazi gani?

Ordinateri haisikii maneno yetu. Inasikia paka 0 na 1. Kompilateri njo mutafsiri: inasoma programu yote, inatafuta makosa, kisha inaigeuza kuwa amri za mashine. Tazama mufano huu, wa kuhesabu bei ya madaftari:

program Madaftari;
var bei, idadi: integer;
begin
  readln(bei, idadi);
  writeln(bei * idadi);
end.

"Bei" na "idadi" ni kama visanduku viwili vya kuwekea namba. Ukiingiza 500 na 12, mashine itajibu 6000. Ukisahau mustari wa "var", kompilateri itakataa na kukuonyesha mahali pa kosa. Ndivyo Pascal inavyozoeza mutu kutaja kitu mbele ya kukitumia.

3. Ile ya bure ilitoka wapi?

Zamani watu walinunua kompilateri, kama vile Turbo Pascal ya mwaka wa 1983. Katika mwaka wa 1993, mwanafunzi mumoja wa Ujerumani, Florian Klämpfl, alianza kuandika ya kwake. Wengine wakamusaidia. Leo inaitwa Free Pascal, nayo imeandikwa kwa Pascal yenyewe, basi inajitafsiri! Inatumika kwa Windows, kwa Linux na kwa mashine zingine. Iko na mwenzake, Lazarus, ya kutengenezea programu zenye madirisha. Kazi hiyo ilianza mwaka wa 1999, baada ya mradi mwingine kufa. Sasa munaelewa jina lile: someni Yoane 11.

4. Bure, lakini kuna sheria

Sheria yake inaruhusu kila mutu kuitumia, kusoma namna ilivyoandikwa, kuibadilisha na kuigawia wengine. Lakini mwenye kuibadilisha na kuigawa, naye atoe maandiko yake wazi, asiyafiche.

Hapa dhamiri zetu zipimwe. Wengi wananakili programu za kuuzwa bila ruhusa, wanasema: "Sina falanga." Je, amri ya 8 iliachilia mwenye kukosa falanga? Hapana. Kwa Free Pascal njia iko wazi: kle USB moja inaweza kufikia darasa lote, bila intaneti na bila wizi.

Ni kweli, leo kazi nyingi zinafanywa kwa luga zingine, kama Python na C. Lakini mwenye kuzoea kupanga mawazo yake kwa Pascal hatapotea akifika kwa zile. Tumepewa bure; tujifunze kwa bidii, tena tuwape wengine.

Maulizo
1. Kompilateri inafanya nini mbele ya kugeuza programu?
2. Andika programu ya kujumlisha namba 3.
3. Kugawa Free Pascal na kugawa programu ya kuuzwa: tofauti ni nini?